Ngome ni Risiti ya Woga

Wasee, leo naanza kwa kukubali makosa.

Kitambo kidogo niliweka video ya sekunde tisini kuhusu vile mji wa London ulianza. Nikasema Warumi walifika, wakaupenda mto Thames, wakajenga daraja, wafanyabiashara wakaja, mji ukakua. Kwisha. Muziki mtamu nyuma, picha za maghorofa, watu wakapenda. Halafu mtu mmoja akaniachia komenti moja fupi: "Na ile ngome ya Fenchurch Street umeificha wapi?"

Sikuwa nimeificha. Sikuwa hata najua iko. Nikajibu na emoji ya kucheka, halafu usiku nikaanza kusoma kimya kimya, kwa sababu hiyo komenti ilikuwa inaniuma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na kitu kimoja sipendi ni mtu kudhani naongea tu vitu nimeokota njiani. Nimesoma mpaka nimeelewa. Na sasa naona ile video yangu haikuwa tu na pengo. Ilikuwa imesema kinyume cha stori yenyewe.

Twende polepole.

Fenchurch Street iko katikati ya London ya pesa, ule mtaa wa mabenki na kampuni za bima. Kati ya mwaka 1997 na 2003, kabla ya jengo la ofisi lililoitwa Plantation Place kusimama, wanaakiolojia walipewa nafasi ya kuchimba pale. Chini ya msingi wa majengo ya zamani wakakuta alama za ngome ya Kirumi. Usifikirie kuta za mawe kama Fort Jesus. Hii ilikuwa ya udongo na mbao: tuta la kama mita 3 kwenda juu, limeshikiliwa na mbao zilizopishanishwa ndani, uso wake umejengwa kwa mabonge ya nyasi na matofali ya udongo. Mbele ya tuta kulikuwa na mitaro miwili, mmoja wa kina cha karibu mita 2 na mwingine wa mita 3. Eneo lote lilikuwa kama hekta 1.5, yaani chini kidogo ya ekari 4. Wanakadiria ingetosha kikosi cha askari kama 500. Ndani kulikuwa na barabara, sehemu ya kuweka chakula, jiko, hata choo. Wakapata pia sururu, nyundo na vipande vya vifaa vya kijeshi.

Wameiweka kwenye mwaka wa 63 baada ya Kristo, hivi. Na hiyo tarehe ndiyo inageuza kila kitu.

Warumi waliivamia Uingereza mwaka 43. London yenyewe inaanza kuonekana kwenye udongo miaka minne, mitano baadaye. Kuna mtaro wa mbao ulichimbuliwa katikati ya mji huo, na pete za miti yake zinaonyesha ilikatwa karibu mwaka 47 au 48. Kwa hivyo kama ngome ni ya mwaka 63, mji ulikuwa tayari na umri wa miaka kama 15. Huo ni mji wenye maduka, maghala na watu wa kila aina. Tacitus, mwandishi wa Kirumi, anasema haikuwa hata na hadhi ya koloni rasmi, lakini ilikuwa imejaa wafanyabiashara na bidhaa.

Sasa jiulize kama mimi nilivyojiuliza. Mji wa biashara umekaa zaidi ya miaka kumi, halafu ghafla mnachimba mitaro miwili na kuweka askari mia tano kando ya barabara kuu inayotoka darajani. Kwa nini? Kumetokea nini?

Kumetokea Boudica.

Hii stori wengi wetu hatukufundishwa, kwa hivyo nikuambie kwa ufupi. Kulikuwa na watu wanaitwa Iceni, mashariki mwa Uingereza. Mfalme wao, Prasutagus, alikuwa rafiki wa Roma. Alipokaribia kufa aliandika wosia: Kaisari Nero arithi mali pamoja na binti zake wawili. Alidhani kwa kumpa mkubwa sehemu, familia itaachwa kwa amani. Warumi wakachukua kila kitu. Tacitus anaandika kwamba mjane wake, Boudica, alichapwa viboko, na binti zake wakabakwa. Mwandishi mwingine, Cassius Dio, aliyekuja miaka mingi baadaye, anaongeza jambo ambalo Mkenya yeyote ataelewa bila kutafsiriwa: madeni. Anasema Seneca, yule mwanafalsafa maarufu wa mambo ya utulivu wa moyo, aliwakopesha watu wa kisiwa pesa nyingi sana ambazo hawakuziomba, halafu akazidai zote kwa mpigo.

Mtu amekuchukulia shamba, amekupiga mbele ya watoto wako, na bado anakudai. Nini kitafuata?

Mwaka 60 au 61 Boudica aliinua watu. Walichoma Colchester kwanza, koloni la askari wastaafu. Kisha wakaelekea London. Jenerali wa Kirumi, Suetonius Paulinus, alifika London mbio, akahesabu askari wake, akaona hawatoshi. Akaiacha. Walioweza kutembea naye wakaondoka, waliobaki wakauawa. Halafu ikawa zamu ya Verulamium, pale panaitwa St Albans siku hizi. Tacitus anataja watu 70,000 waliokufa kwenye miji hiyo mitatu. Unaweza kuitilia shaka hiyo namba, waandishi wa zamani walipenda namba kubwa. Moto, hapana. Moto upo mpaka leo. Ukichimba sehemu nyingi za London ya kale unakutana na tabaka jekundu la udongo uliookwa, kuta za nyumba zilizoungua na kuanguka. Mahali pengine ni jembamba, mahali pengine linafika nusu mita.

Ngome ya Fenchurch Street imekaa juu ya hilo tabaka. Na mabaki ya nyumba zilizoungua yalitumika kwenye ujenzi wake. Soma hapo tena. Ngome ilijengwa juu ya majivu ya mji, na kwa majivu yale yale.

Ndiyo maana nasema ngome ni risiti ya woga. Tumezoea kuiangalia ngome kama alama ya nguvu. Tunapiga picha mbele yake, tunasema, "Hawa jamaa walikuwa na nguvu bana." Lakini mtu mwenye uhakika kwamba watu wanamkubali hachimbi mtaro wa mita tatu kando ya soko lake. Zaidi ya miaka kumi Warumi walikaa London na hawakuona haja ya ngome ya namna hii. Waliona mji wao salama, wakajiambia wenyeji wameshakubali barabara, divai na vyombo vyekundu vya kung'aa. Moto ukawajibu. Ile ngome ndiyo kukiri kwao kwamba walikuwa wamejidanganya.

Najua kuna mtu atasema: lakini pia si walirudisha mji kwenye hali yake? Askari si walisaidia kujenga upya? Ni kweli, na sitaki kuruka hilo. Zile sururu na nyundo zilikuwa za kazi. Tena kuna ushahidi mzuri zaidi. Karibu na Mansion House, penye makao ya Bloomberg sasa, walichimbua vibao vya mbao zaidi ya 400 ambavyo Warumi waliandikia. Kimoja ni mkataba wa tarehe 21 Oktoba mwaka 62. Jamaa mmoja anakubali kumletea mwenzake mizigo 20 ya chakula kutoka Verulamium hadi London kabla ya katikati ya Novemba. Mwaka mmoja au miwili tu baada ya miji yote miwili kuchomwa, watu wanaandikiana mikataba ya usafiri! Hustle haikulala.

Lakini uliza chakula kilikuwa kinalindwa dhidi ya nani. Siyo dhidi ya jeshi kutoka nje. Ni dhidi ya watu wa hapo hapo, walioshindwa vitani na ambao mashamba yao yalikuwa yakitiwa moto na Paulinus kwa kulipiza kisasi. Tacitus mwenyewe anasema njaa ndiyo iliyowatesa kuliko kitu kingine.

Na hata upande wa Roma kulikuwa na mtu aliyeona hii njia haiendi popote. Jina lake Classicianus, aliyeletwa kusimamia fedha za jimbo baada ya yule wa kwanza kutoroka ng'ambo. Aliandika barua Roma kwamba Paulinus abadilishwe, la sivyo vita havitaisha. Nero akatuma mtu wake kuchunguza, na baadaye Paulinus akaondolewa. Jiwe la kaburi la Classicianus limepatikana London, vipande vyake viko British Museum. Mkewe, Julia Pacata, ndiye aliyemwekea. Na ile ngome? Haikumaliza miaka kumi. Ilibomolewa, mitaro ikajazwa, mji ukaendelea juu yake. London haikujengewa ngome nyingine mpaka karibu mwaka 120, ile ya Cripplegate ambayo ilitambuliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yameacha viwanja wazi.

Kuna jambo lingine lililonishika. Tacitus alikuwa na chanzo safi kabisa cha habari: baba mkwe wake, Agricola, alihudumu chini ya Paulinus wakati wa vita hivyo. Anatuambia vikosi vingapi viliongezwa kutoka Ujerumani. Anatuambia jeshi lililala kwenye mahema. Lakini ngome ya London haitaji. Karibu miaka 2,000 hakuna aliyejua ilikuwepo. Mtu yeyote angeandika kitabu kizima akitumia maandishi tu, aseme baada ya moto biashara ilirudi na mambo yakawa shwari, na hungeweza kumpinga. Mtaro ndio umempinga. Mtaro hauna lugha nzuri, hauna chama, hauna mhariri. Ulichimbwa, ukajazwa takataka, ukanyamaza, ukangoja.

Sasa mbona msichana wa Kenya anajisumbua na mitaro ya London?

Sababu ya kwanza iko kando ya Westminster Bridge, karibu na Bunge lao. Kuna sanamu kubwa ya shaba ya Boudica kwenye gari la farasi, binti zake wako nyuma. Iliwekwa pale mwaka 1902. Fikiria mwaka huo. Waingereza wanamsimamishia heshima mwanamke aliyechoma mji kwa sababu wageni walimnyang'anya ardhi. Mwaka huo huo huku kwetu Wanandi chini ya Koitalel arap Samoei walikuwa wamekataa reli kupita kwao. Koitalel aliuawa Oktoba 1905 na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwenye mkutano ulioitishwa kama wa mapatano. Boudica wa kwao ni shujaa. Boudica wa kwetu alikuwa mkorofi. Sanamu inakuambia kile watu wanapenda kukumbuka. Mtaro unakuambia kile walifanya.

Sababu ya pili iko nyumbani kwetu.

Shosho wangu alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu wakati wa Hali ya Hatari. Yeye na mama yake walitolewa kwao wakapelekwa kwenye gichagi, vile vijiji vya lazima. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kati waliwekwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vya namna hiyo. Kando ya kijiji chao kulikuwa na posti ya homugadi, wale yeye anawaita ngati. Mnara wa mbao, tuta, na mtaro umejaa miti iliyochongwa ncha. Nani alichimba? Wanawake. Shosho alibeba udongo kichwani.

Nilipomwonyesha kwenye simu mchoro wa ngome ya Fenchurch Street, tuta, mtaro, mtaro mwingine, aliangalia kwa muda. Halafu akaniuliza, "Maitu, hii ni ya kwetu?"

Nikamwambia hapana, ni ya Uingereza, ya zamani sana, wao ndio walikuwa wametawaliwa. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanyamaza, akasema, "Kwa hivyo walijua."

Sijui kama nitawahi kuandika kitu kizuri kuliko hayo maneno matatu. Walijua. Maofisa wengi wa kikoloni walisoma shule za Kilatini. Walikua na stori za Kaisari na Tacitus. Hiyo hadithi ya mjane aliyechapwa viboko, madeni, mashamba kuchomwa, ilikuwa kwenye vitabu vyao. Na walipofika kwetu wakachukua upande wa wenye mtaro.

Sasa hapa ndipo nataka tushikane. Uingereza ile ngome haikupatikana kwa bahati. Mwaka 1989 wajenzi wa London walikaribia kufunika mabaki ya Rose, jumba la michezo ya kuigiza la enzi za Shakespeare, watu wakapiga kelele barabarani. Mwaka 1990 serikali ikatoa mwongozo wa mipango ya ujenzi: unataka kujenga mahali penye historia, kwanza ujulikane udongo wako una nini, na gharama ya kuchimba ni yako wewe mjenzi. Siyo ya chuo, siyo ya mlipa kodi. Kwa hivyo mwenye mnara wa ofisi anangoja. Miaka, wakati mwingine. Halafu anajenga, na maisha yanaendelea. Mnara uko, na historia iko.

Ule mtaro wa Shosho leo ni bonde dogo lenye nyasi za nepia. Ukipita haraka utadhani ni njia ya maji. Juzi nilipoenda kumwona nilikuta vigingi vimepigwa, shamba la jirani limegawanywa ploti. Hamna ubaya, watu wanataka kujenga, hata mimi nataka ploti. Lakini hakuna mtu hata mmoja amekuja na kamera, na futi, na daftari. Tinga likija, linasawazisha asubuhi moja. Halafu baada ya miaka thelathini atatokea mtoto kama mimi, na muziki mtamu nyuma, aseme kwenye sekunde tisini kwamba wakoloni walikuja, wakajenga reli, mji ukakua. Kwisha. Na nani atamwachia komenti?

Tuna sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na tuna wanaakiolojia wazuri sana. Ninachosema ni kwamba mitaro ya miaka ya hamsini tunaichukulia kama aibu ya kijiji ama kama shimo la kujaza. Siyo shimo. Ni risiti. Kila mtaro wa posti unasema hapa palikuwa na watu waliokataa, kwa nguvu mpaka serikali ikajizungushia miti yenye ncha.

Kwa hivyo nimeifuta ile video. Sijaificha, nimeifuta na nimesema kwa nini. Mpya inaanza na mtaro wa mita tatu chini ya Fenchurch Street na inaishia kwenye nepia ya Shosho. Nimepima ule mtaro kwa kamba ya kufungia mbuzi: hatua 38 kwa urefu, sehemu inayoonekana. Nimepiga picha kila pembe. Nimemrekodi Shosho dakika 52, na bado hajamaliza, amesema nirudi na sukari.

Wewe je? Kama kwenu kuna mtaro, tuta ama posti iliyobaki jina tu, muulize mtu mzee aliyebeba ule udongo, na umuulize wiki hii. Usiandike kwenye komenti jina la mtu wala mahali panapomwonyesha anakoishi. Andika tu mtaro ulikuwa wa kina gani, na nani alichimba.

Na wewe uliyeniuliza nimeficha wapi ngome: asante. Sikuwa nimeificha. Ila nimejua sasa vile hufichwa.